Maganda 212 ya Kopo la Kahawa

Chinook, Montana
14 Mei 1978

Ardith,

Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu laini yetu bado tunaichangia na jirani yetu Inga Strand, na Inga akisikia jambo saa mbili asubuhi, kabla ya chakula cha mchana limeshavuka mpaka wa Kanada.

Jumamosi ganda moja la risasi, kati ya yale uliyotusafishia Oktoba ili tuyajaze tena, lilipasuka ndani ya bunduki. Halikupasuka mdomoni, kama yanavyofanya maganda yaliyochoka. Lilipasuka ubavuni, karibu na kitako, ufa wa urefu wa ukucha wa kidole gumba. Gesi ilirudi nyuma. Bunduki imepona.

Nimewaambia watu wa klabu ya kulenga shabaha waweke kando chochote kilichotoka kwako mpaka tujue ni nini. Najua klabu ilikuwa karibu kukupa maganda yote ya mashindano ya Septemba. Nimeona bora usikie kwangu kuliko kwa mtu mwingine.

Mama hajambo. Anauliza kama utakuja Juni.

Verlin


Harlowton, Montana
19 Mei 1978

Kaka Verlin,

Barua yako imefika Alhamisi. Ijumaa zimefuata nyingine mbili za wanachama wenzako, zote zinasema maneno yaleyale, "tusubiri kidogo, Bi. Kolstad." Miaka sita nimelijenga hili jina. Wewe umelibomoa kwenye mkutano wa dakika arobaini ambao nusu yake huwa ni kahawa.

Maganda elfu kumi na moja, Verlin. Hiyo ndiyo kazi ya klabu. Ni kazi yangu ya kuanzia Julai hadi theluji ianguke. Baba alipokuachia wewe shamba lote, mimi niliachiwa mashine ya kuchanganyia zege, na hata hiyo ilikuwa imevunjika jino. Tangu Harold aniache mjane ndiyo inayonilisha. Kwa hiyo nisikilize mpaka mwisho, usiruke mistari kama unavyoruka maagizo ya daktari.

Uliniletea maganda 220. Manane niliyakataa mlangoni: matatu yalikuwa na nyufa mdomoni, matano vitako vimelegea hadi fataki ya kuwashia baruti haishiki. Yakabaki 212. Niliyang'oa fataki. Nikayaosha kwa maji ya moto, sabuni ya vyombo na siki, dakika kumi kwa saa ya ukutani, kwa sababu yakizidi robo saa kwenye siki yanaanza kugeuka rangi ya waridi, na ganda la rangi ya waridi limeshaanza kuliwa. Nikayasuuza mara mbili. Yakakauka siku nzima juu ya magunia ya unga. Halafu kwa muda wa saa nne yakazunguka ndani ya mashine ya zege, pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa, mpaka ukaona uso wako. Nikayachekecha. Nikayatazama moja moja kwenye mwanga, nje na ndani.

Nikayafungasha kwenye kopo la kahawa, na katikati nikajaza magunzi yaleyale ili yasigongane njiani. Ufungashaji huo nimeuanza Septemba. Zamani, katika kila maganda elfu, kumi na tisa yalikuwa yanafika yamebonyea midomo. Tangu nianze kutumia magunzi, hakuna hata moja. Hiyo ndiyo kazi ya mtu unayemtangaza kwenye mkutano kuwa ni hatari.

Sasa nikuulize mimi. Nani aliyapimia baruti? Ulipima kila moja kwenye mizani, au ulimimina kwa kijiko kama unavyotia sukari? Na je, mkeo LaVonne aliyapaka ile dawa ya kung'arishia vijiko? Nasema hivyo kwa sababu dawa nyingi za aina hiyo zina amonia, na amonia inaitafuna shaba kwa ndani huku nje inang'aa. Kila mtu anayejaza risasi anajua hilo, ila wake za watu wanapenda vitu vinavyometameta.

Niletee ganda lililopasuka, maganda yaliyobaki, na kopo lenyewe. Na jambo moja ambalo hukulijua: katika kila kazi natoa maganda matano ya mteja nabaki nayo, namrudishia matano mapya. Nayaita mashahidi. Ya kwako yapo hapa rafuni, kwenye trei namba 118.

Kwa Mama nitakuja jina langu likisafishwa.

Ardith


Chinook
28 Mei 1978

Ardith,

Ganda lenyewe liko ndani ya kiberiti, kwenye bahasha hii. Mengine huyapati. Niliyafungua nikamwaga baruti, nikayaponda kwa nyundo wiki ileile na kumpa mnunua vyuma chakavu. Magunzi LaVonne aliyamwaga kwenye maua yake.

Baruti ilipimwa kwenye mizani, moja moja, na ilikuwa chini ya kiasi cha kitabu. Hakuna aliyeyapaka kitu. Vijiko vya LaVonne ni vya chuma cha pua. Unavijua, ulimletea mwenyewe harusini.

Wewe tangu utoto ndivyo ulivyo. Ng'ombe akifa, unatuletea karatasi yenye hesabu kuonyesha kwamba yuko hai. Mimi sina karatasi. Nina ganda lenye ufa, na limetoka kwako.

Verlin


Harlowton
10 Juni 1978

Kaka Verlin,

Hesabu hizi hapa, na safari hii ng'ombe yuko hai kweli.

Nilichukua mashahidi watano wa trei 118. Niliwajaza baruti kiasi cha juu kabisa kinachoruhusiwa na kitabu, si cha chini. Niliwapiga nikilenga kichuguu cha udongo nyuma ya nyumba, nikawasafisha, nikawajaza tena, nikawapiga. Mara kumi na mbili kila mmoja. Jumla risasi sitini. Emmet Dusek, jirani yangu mfugaji wa batamzinga, yule anayeniuzia magunzi, alikaa juu ya ndoo akihesabu kwa sauti. Kwenye risasi ya hamsini akaniambia, "Bi. Ardith, hicho kichuguu kimekukosea nini? Kiombe radhi tu, kitakusamehe."

Nyufa: sifuri. Nimeyakata mawili kwa msumeno nione unene wa ukuta karibu na kitako. Uko sawa na siku yalipotoka kiwandani.

Ganda lako la kwenye kiberiti nimelitazama kwa kioo cha kukuzia. Ufa ni wa msukumo kutoka ndani. Mimi nasema baruti ilizidi. Mizani isipowekwa sawa mezani inadanganya, na meza yenu ya chumba cha chini ya nyumba inacheza mguu mmoja tangu Baba yuko hai.

Nimeambatanisha karatasi. Inasema maganda ya Ardith Kolstad yamejaribiwa mbele ya shahidi na hayana kasoro, na kwamba tukio la Mei lilitokana na uzembe wa kupima baruti. Itie sahihi, uisome kwenye mkutano ujao, neno kwa neno. Ukifanya hivyo nakuja kwa Mama na mikate ya viazi, kilo mbili. Usipofanya, msinihesabu.

Ardith


Chinook
19 Juni 1978

Ardith,

Nimetia sahihi. Nimesoma. Watu kumi na saba walikuwepo.

Reuben Haugen, mwenyekiti, akasema, "Verlin, miaka thelathini unajaza risasi, leo mizani imekushinda?" Nikasema ndiyo, imenishinda. Yule mdogo wa Skaar akasema, "Basi mwacheni ajaze chupa za tomato, hizo hazilipuki." Wakacheka sana. Mimi nikakaa.

Kazi ni yako. Maganda yote elfu kumi na moja yataletwa na lori la ngano tarehe 5 Julai.

Njoo kwa Mama. Usizungumze habari hizi mbele yake.

Verlin


Chinook
22 Juni 1978

Wifi yangu Ardith,

Verlin amekwenda kukata majani, na mimi naandika haraka kabla hajarudi kutafuta chai. Hajui kama naandika.

Nimeona ile karatasi yako. Nimeiona pia sura yake aliporudi mkutanoni. Hukujua, na si kosa lako kutokujua, kwa sababu mimi ndiye niliyemkataza asikuambie. Siku ile hakuwa Verlin aliyekuwa anapiga. Nilikuwa mimi. Na baruti nilipima mimi, mwenyewe, yote 212, kwenye mizani ileile uliyonifundishia jikoni kwako mwaka wa theluji kubwa.

Miwani imeniokoa jicho. Kope imeshonwa nyuzi nne na shavu limeungua, lakini sasa limebaki jekundu tu. Watu nawaambia ni mafuta ya kukaangia. Nilimwambia Verlin, "Usimwandikie ni mimi. Ataacha kazi zake zote, atakuja mbio na sufuria ya supu." Akakubali. Ulipoandika kwamba aliyepima ni mzembe, akataka kukujibu yaliyo kweli. Nikamwambia asifanye hivyo, na huenda una haki. Kwa hiyo akasimama mbele ya watu kumi na saba akaubeba uzembe ambao ni wangu.

Nimefikiri sana, wifi. Wewe una mashahidi watano na risasi sitini. Mimi nina nini? Nina mikono yangu, na nakumbuka nilipima kila moja mara mbili, lakini mtu anaweza kukumbuka anachotaka. Ile mizani nimeipakia kwenye sanduku na kuipeleka ghalani. Sijazi tena. Niliipenda kazi ile kuliko kusuka, lakini basi.

Nakuomba tu usimseme Verlin tena.

Maua yangu pia yananichekesha. Nilimwaga yale magunzi yako kwenye mapetunia nikidhani ni mbolea nzuri, yakaungua majani kama yamemwagiwa maji ya moto. Ile dawa yako mpya ya kusafishia ni kali! Nilipofungua kopo mwezi Mei macho yalinitoka machozi kama niko kwenye banda la kuku. Lakini maganda yalikuwa yanang'aa, kazi safi.

Nakusalimu sana. Choma barua hii.

LaVonne


Harlowton
26 Juni 1978

LaVonne,

Nijibu mambo matatu tu, na usimwambie mtu bado.

Moja. Kopo lilikaa wapi kuanzia Oktoba mpaka Mei, na lilifunguliwa mara ngapi?

Mbili. Ulipoyatoa, ndani ya midomo au kwenye kitako kulikuwa na vumbi lolote la rangi? Rangi gani?

Tatu. Kabla hujayajaza, kuna lolote uliloliona lina mstari mwembamba, hata kama unywele, ukadhani ni mkwaruzo?

Mimi situmii dawa yoyote mpya.

Ardith


Chinook
30 Juni 1978

Wifi,

Kopo lilikaa kwenye chumba cha chini ya nyumba, kwenye rafu iliyo karibu na tangi la maji ya moto. Halikufunguliwa hata mara moja mpaka Mei. Nilikuwa nimelitunza kwa majira ya mashindano, sikutaka Verlin alichokoe.

Vumbi lilikuwepo, kidogo, kwenye vitako vingi. Bluu iliyoelekea kijani, kama ile inayoota kwenye vichwa vya betri ya trekta. Nilifuta kwa kitambaa, ikatoka, chini yake pakang'aa.

Mistari, ndiyo. Kwenye matatu au manne. Nilidhani ni mikwaruzo ya mashine ya zege.

Mbona unaniuliza hivi? Nilikosea kufuta?

LaVonne


Harlowton
12 Julai 1978

Verlin na LaVonne,

Barua hii ni yenu wote wawili. Mkae chini mezani pamoja muisome, mmoja asiisome nyuma ya mwingine, maana hilo limeshatutosha.

LaVonne, hukukosea kufuta. Hukukosea kupima. Rudisha mizani ndani ya nyumba. Aliyelipasua lile ganda ni mimi.

Siku nilipopata barua yako ya tarehe 22 Juni nilikwenda kwa Emmet kabla sijavua hata aproni. Nikamkuta anawamwagia batamzinga maji. Nikamuuliza, "Emmet, yale magunia sita ya magunzi uliyoniuzia Septemba, kabla ya kuniletea uliyaweka wapi?"

"Ghalani."

"Ghala gani?"

"Ghala, Ardith. Nina ghala moja. Hili."

"Na batamzinga walikuwa wapi?"

"Walikuwa upande wa pili."

"Upande wa pili wa nini?"

Akanionyesha. "Wa waya."

Waya, Verlin. Wavu wa kuku. Magunzi yangu yalilala kiangazi kizima kwenye sakafu moja na batamzinga mia nane, yakinyonya unyevu wa kinyesi chao kupitia wavu. Ndiyo maana aliniuzia kwa nusu ya bei ya kiwanda cha mbegu, na mimi nikajisifu jinsi nilivyomkaba. Nikamwambia lazima yananuka amonia. Akasema, "Kila kitu hapa kinanuka amonia. Mke wangu ananuka amonia. Ulikuwa hujui?" Sikujua. Miaka sita nimeinamia mapipa ya siki, pua yangu imekufa. Nilimwomba mtoto wa posta anuse gunia. Akarudi nyuma hatua tatu.

Saa nne ndani ya mashine hazikudhuru kitu. Tatizo ni kopo. Nilifunga shaba pamoja na amonia, nikabana kifuniko, nikazituma zikae miezi saba kando ya tangi la maji ya moto. Na mashahidi wangu watano? Wao walikuwa wamelala kwenye trei ya wazi, mbele ya dirisha, hawajawahi kuingia kwenye kopo. Nimepiga risasi sitini kuwahoji mashahidi ambao hawakuwepo mahali pa tukio. Halafu nikakulazimisha utie sahihi.

Sikuridhika na maneno. Siku ileile nilichukua maganda ishirini mazuri, nikayatia ndani ya kopo na magunzi ya gunia la mwisho, nikaliweka karibu na jiko. Jana, siku ya kumi na sita, nimelifungua. Vumbi la bluu, kama ulivyosema. Sita yamepasuka yenyewe bila baruti, bila fataki, bila mtu kuyagusa. Sita kati ya ishirini. Wewe LaVonne ulikuwa na 212 ya namna hiyo mezani. Nimefanya hesabu ya ni mangapi ungeweza kuyapiga kabla ya lile la kukupofua, na sitaiandika hapa.

Nilimtuhumu Verlin kwa kijiko cha sukari. Nilikutuhumu wewe kwa dawa ya vijiko, nikaandika kabisa kwamba kila mtu anajua amonia inafanya nini. Niliyeandika hayo nilikuwa na magunia mawili ya amonia hiyo nyuma ya mgongo wangu. Nisameheni. Na wewe Verlin, kile kicheko cha watu kumi na saba kilikuwa changu. Nitakuja kukichukua.

Tangu Septemba nimetuma makopo arobaini na nne kwa watu thelathini na moja. Leo asubuhi wote wamepelekewa barua, nakala ipo chini. Magunia ya klabu yalifika tarehe 5, yamesimama gereji, sijakata hata uzi mmoja. Naomba barua isomwe mkutanoni, kisha waamue wenyewe. Kama ile ya Juni ilisomwa neno kwa neno, na hii isomwe hivyohivyo.

Kwa Mama nitakuja Jumapili hii. Mikate ipo.

Ardith


(Nakala)

Kwa mteja wangu,

Ulipokea kwangu, kati ya Septemba na Mei, maganda ya risasi yaliyofungashwa ndani ya kopo pamoja na magunzi ya mahindi. Usiyatumie. Usiyapige hata kama yanang'aa, hata kama umeshapiga mengine na hayakufanya kitu. Yaliyokwisha kujazwa, mpe mtu anayejua ayafungue. Yaliyo matupu yaponde kwa nyundo ili mtu mwingine asiyaokote.

Magunzi yale yalikuwa na amonia kutokana na mahali yalipohifadhiwa. Amonia inapasua shaba taratibu, na huwezi kuona kwa macho. Mtu mmoja ameumia kwa sababu yake, na alikuwa hajafanya kosa lolote. Kosa ni langu: nilinunua bila kuuliza yalikolala, na nilibadili ufungashaji bila kuujaribu kwanza.

Niandikie idadi ya uliyoyaponda. Nitakutafutia mengine idadi hiyohiyo, ya aina hiyohiyo. Itachukua muda, kwa sababu kwa hesabu yangu ni 9,340.

Karatasi iliyosomwa kwenye klabu ya Chinook mwezi Juni, inayosema maganda yangu hayana kasoro na kumtaja Verlin Fjelde kuwa mzembe, si kweli. Niliiandika mimi.

Ardith Kolstad


Chinook
22 Julai 1978

Ardith,

Imesomwa jana. Reuben alitaka kuipunguza, nikamwambia mpe huyu mtu maneno yake yote, amelipia stempu.

Ikasomwa mpaka mwisho. Halafu mzee Aasen, ambaye ana makopo yako mawili, akainuka, akaenda nyumbani. Tukadhani amekasirika. Akarudi na makopo yote mawili na nyundo. Tulimaliza saa nzima nje ya ukumbi, tukipokezana. Ya kwake kumi na moja yalikuwa na mistari tayari. Wiki iliyopita alikuwa karibu kumpa mkwewe.

Yule mdogo wa Skaar hakusema kitu cha tomato. Alikuja akanipa mkono, akasema, "Mzee, kumbe." Basi, hilo tu. Kwa Skaar ni hotuba.

Kisha kura. Kuna jamaa wa Great Falls mwenye mashine ya kisasa ambaye angeweza kuichukua kazi ya klabu. Wanane walisema ubaki, kwa sababu mtu anayejishtaki mwenyewe kwa watu thelathini na moja hatarudia. Tisa walisema apewe yule wa Great Falls, kwa sababu mashindano ni Septemba na hawataki kuwaza wanapoweka shavu kwenye bunduki.

Nilikuwa kati ya wale tisa, Ardith. Nimeona bora usikie kwangu. LaVonne hanisemeshi tangu jana, anajibu kwa vifuniko vya sufuria. Lakini mimi ndiye niliyeishika ile kope na taulo mpaka hospitali, maili ishirini na mbili. Siwezi kupiga kura dhidi ya taulo lile. Huenda mwakani.

Lori litachukua magunia Jumatano. Ndani ya lori atakuwepo LaVonne. Ana maganda yake mia tatu, si ya klabu, ni ya kwake, na amesema hayapeleki Great Falls wala popote. Anataka kusimama hapo akitazama kila hatua, kuanzia siki. Nilimwambia anakusumbua. Kifuniko cha sufuria.

Mama anasema mikate yako ya Jumapili ilikuwa mizito. Alikula minne.

Verlin


Harlowton
3 Agosti 1978

Kaka,

Kura yako ilikuwa sahihi. Ungepiga upande wangu ningejua umenihurumia, na huruma yako sijui ningeiweka rafu gani.

Kwa wateja: thelathini na moja waliandikiwa, ishirini na sita wamejibu. Watano nawafuata mwenyewe kwa gari wiki ijayo, mmoja yuko Idaho. Yaliyopondwa mpaka leo ni 6,118. Nimeshapata ya kulipia 1,450. Natengeneza uzio wa vijana wa kijiji cha Two Dot, wananilipa kwa maganda.

Magunzi nanunua kiwanda cha mbegu, kwa bei yao. Kila gunia linanuswa na mtoto wa posta kabla sijatia sahihi. Anadai pai ya tufaha kwa kila mnuso, na namlipa.

LaVonne amekaa siku tano. Kope imepona vizuri, ina mkunjo mdogo ambao hukuniambia. Alileta miwani miwili, yake na ya ziada, akanivisha ya ziada wakati tunachekecha, kana kwamba mimi ndiye mgeni. Katika yale mia tatu, mimi nilikataa kumi na moja. Akaketi akayarudia yote mwenyewe kwenye mwanga wa dirisha, akakataa kumi na manne. Yale matatu ya ziada tukayabishania mpaka kahawa ikaisha. Nilimwonyesha kwa kioo cha kukuzia kwamba ni mikwaruzo. Nilimpimia unene. Nilikuwa na haki, Verlin, matatu yale hayakuwa na kasoro hata chembe.

Nimeyaponda yote kumi na manne.

Ardith